Ukuta Ulioanzwa Mara Nne

Norma Surtees hakuwahi kushika drili mpaka alipofikisha miaka sitini. Kazi aliyoijua ilikuwa ya bakuli. Miaka ishirini na sita alisimama kwenye kiwanda cha vyombo vya kioo, ng'ambo ya mto Wear, akizifunga bakuli kwa karatasi moja moja na kuzipanga kwenye makatoni. Vidole vyake mpaka leo vina makovu madogo meupe kama punje za mchele. Kiwanda kilipofungwa walimpa bakuli moja ya kuagia, akaondoka nayo kwapani. Anaoshea kabichi.

Ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Nyumba za mtaa wetu hapa Sunderland hazina ghorofa, zimeshikana mabega tangu mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Mtu akikohoa kwake, wewe kwako unaweka kikombe chini na kusubiri kama atakohoa tena. Na aliyekuwa akikohoa ni Cuddy, mumewe.

Jina lake kamili ni Cuthbert, lakini nadhani ni kasisi peke yake aliyewahi kumwita hivyo. Alianza kazi kwenye viwanda vya meli akiwa na miaka kumi na sita. Kazi yake ilikuwa kuvisha mabomba. Bomba la mvuke likiachwa uchi, joto lote linapotea njiani, kwa hiyo kulikuwa na watu wa kuliviringishia asbesto, kulipaka ujiuji wake kwa mikono, kisha kulifunga kitambaa kama mguu uliovunjika. Alisimulia kwamba vumbi lilikuwa likidondoka kama theluji, na wao vijana walikuwa wakifinyanga madonge yake na kutupiana. Alirudi nyumbani mweupe kichwa hadi viatu. Norma alikuwa akimsimamisha mlango wa nyuma, anamvua ovaroli, anaikung'uta mara tatu nne, ndipo anamruhusu kuingia.

Baada ya miaka arobaini daktari akasema ni lile vumbi, limekaa kwenye ngozi ya mapafu. Akasema pia haliponi. Cuddy alimwuliza swali moja tu.

"Na huyu aliyekuwa akikung'uta ovaroli?"

Wakampima Norma. Yeye hakuwa na kitu. Basi Cuddy akavaa kofia wakarudi nyumbani kwa basi, na Norma anasema njia nzima alikuwa akipiga mluzi.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Ilipofika Septemba hakuweza tena kufika dukani, na nesi wa kuja nyumbani, anaitwa Gillian, akaanza kuzungumzia kitanda cha hospitali, kile cha kuinuka kwa swichi. Chumba chao cha kulala ni kidogo, kitanda kile hakikati kona. Gillian akasema basi kiwekwe chumba cha mbele, chumba kizuri, kina meko na kapeti.

"Chumba cha mbele ni cha majeneza," Cuddy akasema. "Mama yangu alilala pale, baba yake Norma alilala pale. Mimi nitalala pale zamu yangu ikifika. Simpi mtu siku hata moja ya nyongeza."

"Sasa unataka wapi, Cuddy?"

"Kwenye vioo."

Chumba cha vioo alikijenga mwenyewe nyuma ya nyumba, mwaka 1981, kwa madirisha yaliyong'olewa kwenye meli iliyokuwa ikifanyiwa matengenezo. Chini ni ukuta wa tofali moja unaofika kiunoni, juu ni kioo pande zote tatu. Kiangazi ungeweza kuokea mkate humo ndani. Majira ya baridi kioo kilitoa jasho, maji yakashuka mpaka kwenye tofali, tofali likaota ukungu mweusi. Norma alianika nguo humo na kuweka maua yake ya jerania, basi. Lakini ukikaa humo unaiona bustani, na kwenye bustani kuna tuta la liki za Cuddy, ile mboga ya jamii ya vitunguu, zile za kushindania klabuni kila mwaka, nene kama mkono wa mwanamume. Tuta hilo alilirutubisha kwa mchanganyiko ambao hata Norma hakuambiwa una nini.

Gillian alikitazama chumba, akapitisha kidole kwenye ule ukungu. Akasema sawa, lakini yeye hawezi kuleta mgonjwa wa mapafu alale ndani ya friji. Kipashwe joto, kuta zizibwe, aje apime. Kikifaa, kitanda kitaletwa siku ya pili yake. Na akamwambia Norma pale mlangoni, mimi nikiwa uani kwetu ninaanika, kwamba kama wanataka kukifanya wakifanye sasa, maana Krismasi ni mbali.

Paa lilifanywa na wanaume wa klabu kwa Jumamosi mbili. Kiongozi wao alikuwa Alfie Wardle, mtu mfupi mwenye shingo nyekundu, aliyevisha mabomba pamoja na Cuddy na kushindana naye liki miaka thelathini. Paa lilipokwisha Alfie alianza kupima kuta, na Norma akamnyang'anya tepu.

"Kuta nitafanya mwenyewe."

"Wewe?" Alfie akasema. "Norma, picha ya harusi yenu imepinda ukutani miaka arobaini."

"Imepinda kwa sababu aliyeitundika ni wewe."

Wakacheka. Cuddy alicheka mpaka ikabidi ashikiliwe.

"Mwache afanye," akasema alipopata pumzi. "Nitamwelekeza. Heri mikono isiyojua kitu kuliko yako, Alfie. Wewe ulikuwa ukivisha bomba kama unavyovaa soksi zako."

Alfie akaacha drili yake. Akasema arudishiwe kazi ikiisha.

Basi ikawa hivi. Kila asubuhi Norma alimleta Cuddy kwa kiti cha magurudumu mpaka mlango wa chumba cha vioo, blanketi mbili magotini, kofia kichwani. Yeye akapiga magoti chini. Mimi shule niliiacha mapema, mchana niko nyumbani na mdogo wangu, na ukuta kati ya ua wetu na wao ni mfupi; ukisimama mwisho wa ua unaona mpaka ndani kupitia kioo cha bustani. Niliona na kusikia karibu yote.

Vioo vya pembeni, upande wetu na upande wa pili, vilikuwa vifunikwe kabisa. Cha mbele tu, cha bustani, kibaki. Kwanza Norma alisugua ukungu. Akapiga papi za mbao kusimama, moja kila baada ya hatua fupi. Katikati ya papi akabana bodi za povu zenye karatasi ya fedha. Juu yake nailoni. Juu ya nailoni mbao nyembamba za kuingiliana, ulimi wa huu ndani ya mfereji wa ule.

"Nailoni ikae upande wetu, bibie. Upande wa joto. Ukiiweka nyuma, pumzi yangu itageuka maji ndani ya ukuta."

"Pumzi yenyewe unayo?"

"Ninayo ya kukusimamia."

"Basi itunze. Nipe kisu."

"Kata bodi kubwa kuliko nafasi, nusu kidole. Iingie kwa kusukumwa. Ikiingia yenyewe kama mgeni, imekushinda."

Na alimfundisha kukagua. Watu wa kazi ile hawakuwa na kipimo, walikuwa na kiganja. Ukimaliza kipande unakaa mbele yake, unafumba macho, unapitisha kiganja polepole kuanzia juu kushuka. Baridi ikikugusa, hata kama ni pahali padogo pa kufunikwa na sarafu, hapo kuna uwazi. Na huzibi pale peke yake. Unavua kipande chote, unaanza upya, kwa sababu uwazi unaouona una ndugu zake usiowaona. Hiyo ilikuwa sheria yao, na Cuddy alisema hajawahi kuivunja hata meli ilipokuwa ikisubiriwa na wenyewe gatini.

Ukuta wa upande wetu ulipokwisha mara ya kwanza, Norma alimsogeza mpaka ukutani. Cuddy alifumba macho. Mkono wake ulikuwa umebaki mifupa, lakini ulivyotembea kwenye zile mbao ulikuwa mkono wa mtu mwingine kabisa. Ulisimama karibu na kona, juu kidogo ya usawa wa goti.

"Hapa."

"Hapana kitu hapo."

"Hapa, bibie. Vua."

Norma alivua ukuta wote huku akimtaja mama mkwe wake marehemu kwa majina. Nyuma ya mbao, nyuma ya nailoni, bodi mbili zilikuwa zimeachana nafasi ya njiti ya kiberiti. Alikaa chini akaitazama ile nafasi. Halafu akamtazama Cuddy, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeonyeshwa kitu kizuri.

Ule ukuta wa pili, upande wa mbali, aliujenga mara moja tu na Cuddy hakupata baridi popote. Hata chini ya madirisha ya mbele alimaliza vizuri, akaweka na hita ya umeme. Kikabaki kile kipande cha upande wetu, cha kurudia. Ilikuwa katikati ya Oktoba. Kazi ya siku nne.

Ndipo Cuddy akaanguka. Hakuvunja kitu, lakini baada ya siku ile hakutoka tena chumbani. Wakamletea mashine ya oksijeni, nikawa naisikia kupitia ukuta, inavuta na kutoa kama mtu anayelala. Alipewa dawa ya mchana iliyomlaza kuanzia saa saba hadi saa kumi. Norma akawa anafanya kazi saa zile, halafu anaenda kumpa habari kitandani.

Ukuta ukaisha mara ya pili. Nilimwona akipiga skrubu ya mwisho, akarudi nyuma hatua mbili, akapangusa mikono. Nikafikiri kesho Gillian anaitwa.

Kesho yake, Cuddy alipolala, Norma aliingia na drili, akaanza kuzitoa skrubu. Moja moja, anaziweka kwenye ile bakuli ya kioo. Akashusha mbao na kuzisimamisha kwa mpangilio, ya kwanza ya kwanza. Akakunja nailoni. Bodi hakuzigusa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanywa chai, akaitazama bustani. Siku hiyo hakufanya kitu kingine.

Mama alinituma na sahani ya nyama ya nguruwe na njegere kavu za kupondwa. Norma aliipokea mlangoni.

"Vipi ukuta, Bibi Norma?"

"Kuna baridi kwenye kona. Cuddy anasema nivue."

Nilijua Cuddy hajatoka kitandani wiki nzima, na kiganja chake kilikuwa naye.

Siku kumi zilipita. Alirudisha mbao zile zile, mahali pale pale, na siku nyingine alipiga skrubu sita tu kisha akafagia sakafu iliyokuwa safi. Alfie alipita kuchukua habari. Akasimama bustanini mikono mifukoni.

"Bado? Hata meli tuliishusha majini haraka kuliko hivi."

"Kuna baridi kwenye kona."

"Au umejifunza kazi kwelikweli," Alfie akasema. "Unajua sisi tulivyokuwa. Meli ikikaribia kwisha, nyundo zote zinakuwa nzito ghafla. Maana ikiondoka, na wewe unaondoka. Niliwahi kuona wanaume wazima wakipaka rangi mlango mmoja siku tatu."

Alisubiri Norma amrudishie, kama kawaida yao. Norma aliinama akaokota skrubu. Alfie akanitazama mimi juu ya ukuta kana kwamba ningemwambia amekosea nini, akaenda zake.

Ukuta ukaisha mara ya tatu. Nikamwona akiuvua tena.

Siku moja, mwanzoni mwa Novemba, nilipeleka supu nikamkuta ameenda duka la dawa na mlango wa nyuma haujakomewa. Ukuta ulikuwa umefungwa tena, umebaki skrubu chache za juu. Nikaweka supu chini. Nikafumba macho kama alivyofanya Cuddy, nikapitisha kiganja kuanzia juu. Ulikuwa vuguvugu wote, kama ubavu wa paka aliyelala. Nikashuka mpaka kwenye kona, juu ya goti. Hapakuwa na baridi. Nilipofumbua macho Norma alikuwa mlangoni na mfuko wa dawa.

"Unatafuta nini?"

"Nimeleta supu."

"Mkono wako ni mdogo," akasema. "Haujui." Akaichukua supu. "Haujui, binti. Sawa?"

"Sawa, Bibi Norma."

Sasa nikiandika haya najiuliza ningesema nini.

Baada ya siku mbili Cuddy alinigongea. Huku kwetu ukimtaka jirani unagonga ukuta kwa mgongo wa kijiko, mara tatu. Nikaenda. Norma alikuwa kwenye chumba cha vioo, drili ikilia. Cuddy alikuwa ameegemezwa kwa mito minne na uso wake ulikuwa rangi ya mshumaa.

"Wewe mwenye macho," akasema. Alikuwa akipumzika kila baada ya maneno mawili matatu. "Ukuta umefika wapi?"

"Karibu, Babu Cuddy."

"Karibu. Hilo nimelisikia." Akavuta pumzi kwenye bomba lake. "Nenda ukaguse ile kona. Kiganja chote, uhesabu mpaka thelathini. Urudi uniambie."

Nikaenda. Norma alizima drili aliponiona. Nikamwambia nimetumwa na nani na kufanya nini. Hakunizuia. Alisogea pembeni akasimama na kuyatazama maua yake ya jerania. Nikaweka kiganja, nikahesabu mpaka thelathini.

Nikarudi.

"Kuna baridi kidogo," nikasema.

Cuddy akanyoosha mkono. Nikafikiri anataka maji. Alichukua mkono wangu, ule niliogusia, akaufunga ndani ya mikono yake yote miwili. Yake ilikuwa ya baridi kama kijiko. Aliushika hivyo kwa muda.

"Mkono uliogusa baridi," akasema, "hurudi nayo."

Mkono wangu ulikuwa na joto. Sikujua niuelekeze wapi uso wangu.

"Si kosa lako," akasema. "Niitie."

Norma aliingia na vumbi la mbao kwenye nywele. Nilitaka kutoka lakini alikuwa amesimama mlangoni, kwa hiyo nilibaki kando ya kabati.

"Umeuvua mara ngapi, bibie?"

"Mara moja ulinivulisha wewe."

"Na bila mimi?"

Norma akapangusa mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu. "Mbili."

"Kulikuwa na baridi?"

"Hapana."

Mashine ilivuta na kutoa. Cuddy alianza kucheka bila sauti, mabega tu.

"Miaka arobaini nimewaona wakiburuta kazi ili meli isiishe," akasema. "Nimewatukana. Kumbe nimemwoa mmoja wao."

"Usinichekeshe, Cuddy."

"Njoo ukae."

"Nikimaliza kile chumba, wanaleta kile kitanda," Norma akasema. Hakukaa. "Nimekiona kwenye karatasi ya Gillian. Kina reli pembeni. Watu hawashuki kwenye kitanda kile. Dada yangu hakushuka. Nikasema, madhali kuna kazi pale, kuna kesho. Kila siku nilikuwa na kitu cha kukuambia jioni, nawe unaniuliza habari za papi na skrubu, unanikaripia. Utanikaripia kwa lipi kikiisha?"

"Nitapata."

"Hutapata."

"Norma." Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita jina. "Nimekuwa nikitazama lile kabati wiki tatu. Nalijua kila fundo la mbao. Liki zangu ziko nje na sizioni. Nipeleke."

Norma alisimama pale mpaka nikaona hawezi tena kusimama, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, kichwa chake kikafika begani kwa Cuddy, na lile vumbi la mbao likamwingia Cuddy puani akaanza kukohoa. Nikatoka kwa kupita nyuma yao.

Alimaliza siku ileile. Skrubu zilizokuwa zimebaki ni kumi na moja. Gillian alikuja asubuhi na kipimajoto, akakiacha juu ya kiti saa moja, akasoma, akasema chumba hiki kina joto kuliko kwake. Alhamisi wanaume wawili wakaleta kitanda. Wakamhamisha Cuddy na mashine yake, wakamgeuza uso kwenye kioo cha mbele.

Kitu cha kwanza alichofanya, alitoa mkono kwenye reli akauweka ukutani, upande wetu. Alifumba macho. Mkono haukuweza kwenda juu wala chini, ulikaa pahali pamoja.

"Mzuri," akasema. "Kuliko wa Alfie."

Ijumaa Alfie alikuja na kofia mkononi. Cuddy alimwashiria aende tutani. Alfie akaenda na uma wa kuchimbia, akang'oa liki tatu, akazikung'uta udongo na kuzinyanyua mbele ya kioo. Zilikuwa kubwa kuliko za mshindi wa Septemba, ambaye ni yeye mwenyewe. Akazipima kwa mkono wake, akatikisa kichwa, akafungua mlango kidogo.

"Miguu ya kuku," akamwambia Cuddy.

"Zikate supu," Cuddy akasema. "Na mdomo wako utie humo humo."

Jumamosi na Jumapili alilala zaidi kuliko alivyokuwa macho. Norma alileta kiti akakaa kati ya kitanda na ukuta. Niliwaona kutoka uani. Nje kulikuwa na baridi ya kwanza ya kweli, nyasi zimekuwa nyeupe, na kioo cha mbele kilikuwa na maua ya barafu kwa nje. Kwa ndani kilikuwa kikavu.

Jumatatu asubuhi nikasikia kijiko ukutani. Kiligonga mara tatu, kikanyamaza, kisha kikagonga tena taratibu, na hakikuacha mpaka mama alipofika kwao na kumtoa Norma kile kijiko mkononi.

Zamu ya Cuddy ikafika, akalazwa chumba cha mbele. Wanaume wa klabu walipita mmoja mmoja na koti zao nyeusi. Alfie alipofika mbele ya ile picha ya harusi iliyopinda, aliinyoosha, halafu akaangalia kama kuna mtu amemwona, akairudisha ilivyokuwa.

Kitanda kilichukuliwa baada ya mazishi. Norma alinigongea siku hiyo. Nilimkuta kwenye chumba cha vioo, amekaa kwenye kiti kile kile. Pale kitanda kilipokuwa kulikuwa na alama nne za magurudumu sakafuni. Alikuwa ametengeneza chai vikombe viwili, na hita ilikuwa imezimwa.

"Siku kumi na tisa," akasema. "Nimehesabu kwenye kalenda. Alikaa humu nne. Angekaa ishirini na tatu."

Nikashika kikombe.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile siku ya nyama."

"Hukusema."

"Hapana."

Alitikisa kichwa, si kwa kunilaumu. Nje tuta la liki lilikuwa limeanguka upande mmoja, pale Alfie alipochimba, na hakuna aliyelirekebisha. Tulikunywa chai. Hita ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, aliniambia, na bado mtu angeweza kukaa bila koti.

"Weka mkono pale kwenye kona," akasema. "Uniambie kweli safari hii."

Nikaenda nikapiga magoti. Nikaweka kiganja pale pale kwenye kona, nikahesabu mpaka thelathini, halafu nikarudi kuhesabu, kwa sababu sikutaka kugeuka upesi.

"Hakuna baridi, Bibi Norma."

"Najua."

Alinyanyuka, akachukua drili iliyokuwa dirishani. Alikuwa ameshaipangusa, na waya wake ameukunja vizuri na kuufunga kwa kamba. Akaniwekea mikononi.

"Mpelekee Alfie," akasema. "Mwambie nimemaliza."